Bushi ya shafti imeliwa milimita 2: kukereza nyingine kwa mashine ndogo ya nyumbani

fundi_wa_mashua (Lamu)

Assalaam aleikum mafundi.

Mashua ya mbao, mita 9, injini ya dizeli ya ndani, silinda mbili. Imepwelezwa upande wa Matondoni tangu bamvua iliyopita, na inatakiwa iteremke bamvua ijayo. Nina siku 13 hivi.

Bushi ya shafti, yaani bomba fupi ambamo shafti ya propela huzunguka, imekwisha. Vipimo:

Shafti ni stenlesi ya 30 mm, urefu 1,280 mm. Panapokaa bushi maikromita inasoma 29.86 hadi 29.88. Panapokaa pakingi (kamba inayozuia maji kuingia kandokando ya shafti) kuna mfereji uliochimbika, kina 0.6 mm, upana 24 mm.

Bushi ya zamani ina urefu wa 100 mm, nje 40 mm. Tundu sasa ni 31.9 juu-chini na 30.4 kushoto-kulia. Tundu la grisi liko katikati ya urefu wake. Bomba linaloishika, ndani ya fashini (mti wa nyuma wa mashua), ni 40.02.

Mashine ya kukereza ni ile ndogo ya mezani: kipenyo juu ya kitanda 250 mm, kati ya senta 550 mm, tundu la spindeli (mhimili unaozunguka) 26 mm, mota 750 W, chaki (kishikio) ya taya tatu ya 125 mm.

Nilicho nacho mkononi ni propela ya zamani iliyovunjika bawa, na kipande cha nailoni nyeupe cha 50 mm. Nitumie kipi? Tundu la kina cha 100 mm nitalitoboaje bila kisu kutetema? Na shafti je, naweza kuipitisha kisu kidogo mfereji uondoke?

---

ChumaNaShaba (Malindi)

Waaleikum salaam fundi. Vyote viwili viweke kando.

Propela nyingi huitwa bronzi ya manganizi, lakini kwa asili yake hiyo ni brasi: shaba kama asilimia 58 na zinki karibu 39. Ndani ya maji ya chumvi zinki hutoka polepole, ikabaki shaba nyekundu yenye vitundu, laini, inayovunjika kwa ncha ya bisibisi. Propela ni nene na mara nyingi ina kipande cha zinki cha kuilinda, ndiyo maana hudumu. Bushi yenye ukuta wa 5 mm haina uvumilivu huo. Propela nyingine ni za bronzi ya alumini na nikeli. Hiyo haiozi namna hiyo, lakini ni ngumu, na grisi ikikosekana siku moja itakayoliwa ni shafti. Kwa macho tu huwezi kuhakikisha unayo ipi.

Nailoni hunyonya maji. Ile ya kawaida, nailoni 6, hufika karibu asilimia 9 ya uzito wake ikishiba. Inavimba, na kwa kuwa nje imebanwa na bomba, uvimbe wote unaelekea ndani. Ukiifunga leo shafti inazunguka kwa kidole, baada ya wiki kadhaa majini injini inashindwa kuigeuza.

Agiza bronzi ya bushi yenye bati na risasi. Uliza moja kati ya mbili: SAE 660 (shaba 83, bati 7, risasi 7, zinki 3) au LG2 (shaba 85, na 5 ya kila moja kati ya bati, risasi na zinki). Risasi ndiyo inayokufaa: hulainisha wakati grisi imepungua, na punje ya mchanga ikiingia huzama ndani ya bushi badala ya kukwaruza shafti.

Nondo ya 45 mm, urefu wa 140 mm, ni kama kilo 2. Ukipata iliyo na tundu la 25 mm tayari, inashuka hadi kilo 1.4 hivi, na kazi ya keekee inakuondokea. Kwa mota ya 750 W hiyo si nafuu ndogo. Ikitumwa kwa basi hadi Mokowe (bara), mpokeaji aipime kwa venia (kipimo cha midomo inayoteleza) palepale kabla haijavushwa, kwa sababu nondo ya kuyeyushwa huja na ngozi mbaya ya nje. Ikija 42 badala ya 45, baada ya kuondoa ngozi hupati 40 safi.

---

mkerezaji_wiyoni (Lamu)

Nakubaliana na ndugu yangu wa Malindi kuhusu shaba. Sasa ukerezaji.

Usitoboe 100 mm. Nondo ya kisu cha ndani ikichomoza zaidi ya mara nne ya unene wake inaanza kuimba, na katika tundu la 30 mm huwezi kuingiza nondo nene kuliko 20 mm. Kwa kina cha 100 mm ungehitaji ichomoze 110, yaani mara tano na nusu. Tundu litatoka na mawimbi na litapanuka mdomoni.

Kereza bushi mbili za 45 mm kila moja. Moja ikae mbele, moja nyuma, katikati ubaki uwazi wa 10 mm. Tundu lako la grisi liko katikati, kwa hiyo litaangukia hapo hapo na uwazi utakuwa ghala la grisi. Nondo ya 20 mm itachomoza 55 tu, chini ya mara tatu.

Kata vipande viwili vya 68 mm kwa msumeno. Kila kimoja kishikwe 18 mm ndani ya taya, 50 nje. Kereza nje na ndani bila kukitoa kwenye chaki, maana chaki ya taya tatu hairudishi kitu palepale kilipokuwa, na ukikigeuza tundu na mzunguko wa nje vitapishana senta.

Kisu kiwe cha HSS (chuma kigumu cha kukatia), uso wa juu bapa kabisa, bila mteremko. Kisu chenye mteremko wa kukatia chuma laini kinajivuta chenyewe ndani ya bronzi. Keekee nayo ni vivyo hivyo: chukua jiwe la kunolea, piga bapa kidogo midomo yake miwili, la sivyo ikifika 20 mm itanasa na kuzunguka ndani ya kichwa cha nyuma au kukichomoa kipande kwenye taya.

Mwendo wa mzunguko 250 kwa dakika kwa kupunguza, 350 kwa kumalizia. Nje shusha hadi 40.5, ndani fikisha 29.5, kisha zima mashine ukae nusu saa. Bronzi ya 40 mm iliyopata joto la nyuzi 30 zaidi ya karakana huwa imekua zaidi ya 0.02 mm. Ukipima ikiwa moto utajidanganya kwa kiasi kilekile unachokitafuta.

Malizia nje 40.05, ibane bomba kwa 0.03. Ndani: shafti 29.87, ongeza nafasi ya 0.10, unapata 29.97. Bushi ikishaingia kwenye bomba tundu hujifunga karibu sawa na ule mbano, kwa hiyo kabla ya kuingiza acha 30.00.

Kupima tundu usitumie midomo ya ndani ya venia. Ni bapa, inagusa kona za duara na kusoma pungufu. Chukua kipande cha chuma, kikereze kiwe na ngazi mbili kila moja 20 mm: ya kwanza saizi ya chini unayokubali, ya pili saizi ya juu. Zipime kwa maikromita. Ngazi ya kwanza iingie, ya pili ikatae. Geji hiyo inakugharimu nusu saa na ina uhakika kuliko venia yoyote.

Pasi ya mwisho ipitishwe mara mbili bila kuongeza kisu, kwa sababu nondo hupinda kidogo na mara ya pili ndiyo hukata kilichobaki.

---

Bi_Geji (Lamu)

Fundi wa Wiyoni, mbinu ya bushi mbili ni sahihi, ila kipimo cha tundu kina hatari. Umekichukua pale shafti ilipoliwa. Shafti haiingii kwenye bushi kwa angani, lazima ipite ndani yake kuanzia ncha moja. Kama sehemu isiyoliwa ni 29.98 na tundu ni 29.97, haitapita kabisa, na mtu akiigonga kwa nyundo anaharibu vyote viwili.

Ndugu mwenye mashua, pima shafti mahali sita kwa urefu wake wote, kila mahali mara mbili kwa pembe ya mraba. Kipenyo kikubwa kuliko vyote ndicho kinachoamua tundu. Nondo ya 30 kutoka dukani inaweza kuwa popote kati ya 29.95 na 30.00, kwa hiyo usidhani.

Pia tupe nafasi kati ya bushi na kitovu cha propela, na kati ya propela na usukani. Na tuambie: bushi imeliwa ukuta upi, mbele na nyuma?

---

fundi_wa_mashua (Lamu)

Ahsante dada, na ahsanteni nyote. Nimepima. Kubwa kuliko zote ni 29.98, sehemu ya mbele kuelekea injini. Karibu na mwanzo wa kipembe cha propela (shafti inapoanza kuchongoka) ni 29.97.

Bushi hadi propela ni 12 mm. Propela hadi usukani ni 70 mm. Flanji (sahani) ya kapulingi, kile kiungo cha shafti na injini, kipenyo chake ni 100 mm.

Bushi ya zamani upande wa propela imeliwa chini. Upande wa injini imeliwa juu.

Kuna mtu kashauri mfereji wa pakingi ujazwe kwa welding kisha ukerezwe. Mwaonaje?

---

karakana_ya_pwani (Malindi)

Usiijaze kwa welding. Shafti ndefu ikipata joto upande mmoja hupinda, na stenlesi iliyochomwa hupoteza kinga yake pembeni ya weldi, hapo hapo ambapo pakingi inayashikilia maji yaliyosimama. Stenlesi inahitaji hewa iliyo ndani ya maji ili ijilinde. Chini ya pakingi hewa hiyo ni haba, kwa hiyo ndipo vishimo huanzia, na chombo kilichokaa bila kwenda huumia zaidi kuliko kinachofanya kazi kila siku. Kuhusu kuipitisha kisu, mashine yako haiwezi kuishika: mita 1.28 haikai kwenye 550, na 30 haipiti kwenye tundu la 26. Tena ungekula 1.2 mm ya kipenyo, na pakingi ingebaki na shafti nyembamba ndani ya sanduku lake pana.

Isogeze shafti nyuma. Mfereji una 24 mm, kwa hiyo sogeza 26. Kereza diski ya chuma laini, kipenyo 100, unene 26, ikae kati ya flanji mbili za kapulingi. Mfereji utatoka chini ya pakingi na kuingia ndani ya bomba ambako haugusi kitu. Pakingi itashika chuma kipya.

Kwanza hakikisha: 12 na 26 ni 38 mm kati ya bushi na propela. Kwa shafti ya 30 inafaa isizidi kipenyo kimoja na nusu, yaani 45, kwa hiyo upo ndani. Usukani unabakiwa na 44, lakini uzungushe hadi mwisho pande zote mbili uone kama ukingo wake haukaribii mabawa.

Diski inahitaji uangalifu kuliko bushi. Flanji yako bila shaka ina kinundu upande mmoja na shimo lake upande wa pili, vya kuziweka senta. Diski lazima iwe na vyote viwili. Kereza uso wa kwanza na shimo. Kisha itoe, na kwenye chaki shika kipande kingine cha chuma, kikereze kiwe kinundu kinachoingia kwenye lile shimo bila kucheza, na usikitoe tena. Vika diski hapo, ifunge kwa bolti ya katikati, kereza uso wa pili na kinundu chake. Ukifanya hivyo pande zote mbili zina senta moja. Unene upime mahali pane; tofauti isizidi 0.02.

Matundu ya bolti yatoboe kwa kutumia flanji yenyewe kama kielelezo. Bolti ziwe ndefu kwa 26 mm zaidi, za daraja 8.8.

Na sasa dada Bi Geji atakuwa ameshaona: shafti ikirudi nyuma 26 mm, sehemu isiyoliwa ya 29.98 inaingia kwenye bushi ya mbele.

---

Bi_Geji (Lamu)

Ndiyo, na inathibitisha kwamba hesabu ianze na 29.98.

Nafasi ya 0.08 hadi 0.12 juu ya 29.98 inatoa tundu la mwisho la 30.06 hadi 30.10. Ongeza 0.03 ya kujifunga: kabla ya kuingiza bushi kwenye bomba, tundu liwe 30.09 hadi 30.13. Basi geji ya ngazi mbili ikerezwe 30.09 na 30.13. Kwenye sehemu iliyoliwa nafasi itakuwa kama 0.2. Si ya shafti mpya, lakini kutoka milimita 2 hadi sehemu yake ya kumi hutasikia mtikisiko.

Mifereji ya grisi: miwili kila bushi, kushoto na kulia, si chini. Chini ndipo uzito wa shafti na propela unapokaa, na mfereji hapo hukata utando wa grisi. Upana 3 mm, kina 1.5 mm, uanzie upande wa uwazi wa katikati na uishe 6 mm kabla ya mwisho wa bushi ili grisi isikimbilie baharini. Unaukata kwenye mashine hiyo hiyo: zuia spindeli isizunguke, weka kisu cha mviringo kwenye nondo ya ndani, sukuma meza ya kisu kwa mkono kwenda na kurudi, 0.1 mm kila pasi. Fanya hivyo kabla ya pasi ya mwisho ya tundu ili ncha zilizoinuka ziondoke.

Kuingiza: bushi zilale kwenye friza saa mbili. Kutoka nyuzi 30 hadi 18 chini ya sifuri, bronzi ya 40 mm hupungua kama 0.035, zaidi kidogo ya mbano wako. Kata ukingo wa mbele kwa mteremko wa 2 mm. Bomba lioshwe kwa maji ya mvua, si ya kisima chenye chumvi, likaushwe. Vuta kwa nondo yenye nyuzi za skrubu, M16 (kipenyo 16 mm), na vizibo viwili, usigonge. Ni suala la sekunde, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari kabla ya kufungua friza.

Halafu tia skrubu moja ya M6 isiyo na kichwa kwa kila bushi, iingie kwenye kidonda chenye kina cha 2.5 mm kwenye ukuta wa 5 mm. Isipenye ndani.

---

pwani_ya_mchanga (Malindi)

Mwenzangu anayetembea kwenye mikono ya bahari yenye mchanga na matope afikirie pia bushi ya raba yenye mifereji, ile inayolainishwa na maji. Mchanga unapita kwenye mifereji na kutoka. Bronzi yenye grisi huuhifadhi. Ila raba inataka maji yaingie kutoka mbele, na mashua hii ina tundu la grisi tu. Kuibadilisha ni kutoboa mlango wa maji kwenye fashini. Kwa siku 13 nisingeanza. Na raba isizungushwe kavu hata dakika moja pwani kwa kujaribu injini.

Kama bronzi itachelewa, plastiki ya asetali, inayojulikana zaidi kwa jina la Delrin, haivimbi kama nailoni. Iache nafasi ya 0.25 badala ya 0.10, na mbano wa 0.1.

---

ChumaNaShaba (Malindi)

Kabla hatujafunga jambo, bushi iliyoliwa chini nyuma na juu mbele inasema kitu. Shafti ilikuwa inakaa kwa mshazari ndani yake, ncha ya mbele imeinuka. Injini iko juu kuliko mstari wa bomba. Ukiweka bushi nzuri kiasi gani bila kurekebisha hilo, zitaliwa hivyo hivyo, na sasa ni mbili fupi, zitaliwa mapema.

Lakini usirekebishe mashua ikiwa pwani. Chombo cha mbao kikikaa juu ya magogo, omo (mbele) na tezi (nyuma) hulegea, na mstari unaopima si ule wa majini. Kiteremshe, injini ifungwe kwa bolti zisizokazwa, kikae siku mbili tatu mbao zinywe maji, tangi lijae mafuta kama linavyokuwa safarini. Kisha legeza kapulingi, sogeza flanji karibu, na upite kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia uwazi) juu, chini, kushoto, kulia. Kwa flanji ya 100 mm tofauti isizidi 0.10. Pamoja na diski mpya ikiwa mahali pake.

Ukipata tofauti, zungusha shafti robo mzunguko huku flanji ya injini imetulia, pima tena. Uwazi mpana ukihama pamoja na shafti, tatizo ni flanji au shafti iliyopinda. Ukibaki mahali pale pale, ni injini, na utaondoa vipande vya bati chini ya miguu yake ya mbele au ya nyuma kulingana na uwazi ulipo.

---

fundi_wa_mashua (Lamu)

Nimeelewa. Bronzi ya LG2 yenye tundu la 25 imepatikana, 140 mm, inafika Mokowe keshokutwa. Swali moja limebaki: pakingi. Sanduku ni 46 mm ndani.

---

karakana_ya_pwani (Malindi)

46 kutoa 30 ni 16, nusu yake 8. Kamba ya mraba ya 8 mm, pete tatu. Izungushe kwenye nondo ya 30, ikate kwa mshazari wa nyuzi 45, na viungo vipishane kwa theluthi ya mzunguko, visikae juu ya kimoja. Kila pete isukumwe hadi mwisho peke yake kabla ya inayofuata.

Nati kaza kwa mkono tu pwani. Injini ikizunguka majini, kaza kidogo kidogo mpaka idondoke tone mbili tatu kwa dakika. Pakingi iliyokazwa ikawa kavu kabisa ndiyo iliyochimba ule mfereji wa 0.6. Baada ya saa moja ya mwendo weka kiganja kwenye sanduku: likiwa la moto hata huwezi kuacha mkono, legeza robo mzunguko.